Zaka Ikiingia Kwenye Hati ya Shamba

Somo la juma hili
Maandiko: Hesabu 18:20–24, Malaki 3:8–10, Matendo 5:1–4, 2 Wakorintho 9:6–8



Siku hizi nimeulizwa maswali mawili na watu tofauti, na yote mawili yanahusu shamba. La kwanza ni hili: "Pasta, nimeuza ploti. Zaka natoa kwa bei yote ama kwa faida?" La pili lilitoka kwa mzee wetu mmoja mwenye moyo mkubwa wa utoaji. Anataka kuwagawia watoto wake shamba angali hai. Anauliza kama wakili anaweza kuandika kwenye hati kwamba yeyote atakayelimiliki shamba lile, leo na hata milele, atakuwa analeta kanisani sehemu ya kumi ya mavuno yake. Akaniambia, "Nikienda kwa Bwana, zaka isikatike."

Hilo ni wazo la mtu anayempenda Mungu, na sitaki mtu alicheke. Lakini kabla hujafika kwa wakili, ujue kuna nchi iliyojaribu jambo hilo hilo, tena nchi nzima, kwa zaidi ya miaka 850. Ni Uskoti, nchi iliyotuletea wamisheni wa Thogoto na Tumutumu. Walichojifunza kule kinaweza kutusaidia kujibu maswali yote mawili. Kwa hivyo leo fuatana nami polepole. Tutaanza kwenye Neno, tupite Uskoti, kisha turudi nyumbani.

1. Mungu aliwapa zaka watu wasio na shamba

Kanaani ilipogawanywa, kila kabila lilipata eneo lake la urithi. Lawi hakupata. Katika Hesabu 18 Mungu anamweleza Haruni kwamba hatakuwa na urithi wa ardhi katikati ya ndugu zake, kwa sababu Mungu mwenyewe ndiye fungu lake. Kisha anawapa Walawi zaka za Israeli ziwe ujira wa utumishi wao wa hema. Kumbukumbu la Torati 14:28–29 inaongeza majina mengine kwenye meza hiyo: mgeni, yatima na mjane.

Umeona mpangilio? Aliye na shamba analeta. Asiye na shamba anakula. Zaka ilikuwa daraja kati ya mwenye ardhi na asiye na ardhi. Shika hilo jambo vizuri, maana ukiona zaka inatoka kwa mtu mdogo inaenda kwa mwenye ardhi kubwa, ujue daraja limegeuzwa.

Shika na la pili. Zaka ilitolewa kwa mazao ya nchi na mifugo, kama tunavyosoma Walawi 27:30–32. Shamba lenyewe halikukatwa vipande kumi. Tutalihitaji hilo mwishoni.

2. Uskoti ilianza vizuri

Mfalme David wa Kwanza alitawala Uskoti kutoka 1124 hadi 1153. Alilipenda kanisa sana, na ndiye aliyeweka nguvu za dola nyuma ya zaka: watu wa kila parokia walipe sehemu ya kumi kwa kanisa lao. Waskoti waliiita teind, yaani sehemu ya kumi. Zaka kubwa ilikuwa ya nafaka. Katika kila miganda kumi shambani, mmoja ni wa kanisa. Zaka ndogo ilikuwa ya ndama, wana-kondoo, sufu na vitu kama hivyo. Nia ilikuwa njema: kila kijiji kiwe na kasisi, na kasisi apate kula.

Mambo yakaharibika kidogo kidogo. Wenye mamlaka juu ya kanisa la kijiji walianza kulitoa zawadi, pamoja na zaka zake, kwa abasia kubwa kama Kelso, Paisley na Arbroath. Watawa wakawa ndio wenye zaka, na kasisi wa kijijini akaachiwa kiasi kidogo cha kujikimu. Kufikia Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560, zaidi ya parokia nane kati ya kila kumi zilikuwa katika hali hiyo, mapato yao makubwa yakienda kwa abasia, kwa maaskofu au kwa taasisi nyingine. Mganda ulitoka shambani, ukapita mlangoni pa kanisa la kijiji, ukaenda zake.

3. Zaka ikapata bei

Mwaka 1560 Bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Papa. Ungedhani sasa zaka itarudi kwa wahubiri wa vijijini. John Knox na wenzake waliomba hivyo hasa, ziwalishe wahudumu, zisaidie maskini, zisomeshe watoto. Hawakupewa. Mwanzoni mwa 1562 iliamuliwa kwamba waliokuwa wakishikilia mapato ya kanisa waendelee na theluthi mbili, na theluthi iliyobaki igawanywe kati ya Malkia na wahudumu wapya. Knox alilalamika kwa uchungu mwingi.

Baadaye Mfalme James wa Sita akazigeuza abasia kuwa mali ya mabwana wakubwa. Mtu ambaye hakuwahi kuhubiri hata mara moja akawa ndiye mwenye zaka za parokia nzima. Haki hiyo aliweza kuirithisha, kuikodisha, kuiuza, hata kukopea.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusu niongee lugha hiyo kidogo. Kitu chochote kinacholeta pesa kila mwaka, na sheria inakilinda, lazima kitapata mnunuzi. Na kikipata mnunuzi, kitamfuata mwenye pesa, hakitamfuata mwenye wito. Hiyo ni kanuni ya soko. Soko halimuulizi mtu kama ameokoka.

Aliyeumia ni mkulima. Akishavuna, hakuruhusiwa kuondoa mazao shambani mpaka mwenye zaka atoe miganda yake. Sasa fikiria mvua ya Uskoti. Fikiria mahindi yako yako nje, wingu limetanda, na wewe umesimama unamngoja mtu wa bwana fulani aje ahesabu. Akichelewa, hasara ni yako. Akikukasirikia, anaweza kuchelewa makusudi. Hapo mtu ataiimbia zaka haleluya kweli?

Malalamiko yalizidi mpaka Mfalme Charles wa Kwanza akaingilia kati. Kwa uamuzi wake wa 1629 na sheria za Bunge za 1633, zaka zikathaminiwa kwa pesa: zilihesabiwa kuwa sehemu ya tano ya kodi ya shamba kwa mwaka. Mwenye shamba akapewa nafasi ya kuzinunua zaka za shamba lake kwa bei ya miaka tisa. Piga hesabu. Shamba la kodi ya pauni 100 kwa mwaka, zaka yake ni pauni 20. Ukitaka kuinunua, 20 mara tisa, lipa pauni 180. Hapo umemalizana na bwana mwenye zaka, ingawa mzigo wa mshahara wa mchungaji ulibaki juu ya zaka hizo hata zikiwa mkononi mwako.

Mkulima alipumua, kweli. Lakini ona mahali tumefika. Fungu la Bwana limepigwa bei kama ng'ombe sokoni.

4. Mganda mkononi mwa mnunuzi

Hapa ndipo tunafika kwenye swali la mzee wetu, la hati na uhamisho wa ardhi.

Katika sheria ya Uskoti, shamba lilikuwa mali moja, na zaka za shamba hilo zilikuwa mali nyingine. Ungeweza kununua shamba, ukalipa lote, kumbe zaka zake hazimo. Ndiyo maana mawakili walikuwa makini kuandika kwenye hati ya mauzo kwamba shamba linaenda pamoja na zaka zake, kadiri muuzaji alivyo na haki nazo. Maneno hayo yasipoandikwa, kwa kawaida zaka hazikwenda na shamba. Mnunuzi mwerevu aliuliza mambo mawili: shamba hili ni la nani, na zaka zake ni za nani?

Zamani uhamisho ulifanyika kwa kukabidhiana kitu mkononi, palepale kwenye ardhi, mashahidi wakitazama. Kwa shamba walikabidhiana udongo na jiwe. Kwa haki ya uvuvi, wavu na mashua. Kwa zaka, mganda wa nafaka. Na ile haki ya kuteua mchungaji wa parokia, ambayo nayo ilikuwa mali ya mtu, ilikabidhiwa kwa kitabu cha zaburi na funguo za kanisa. Kuanzia 1617 kulikuwa na rejista ya kitaifa ya kuandikisha mambo haya yote. Sherehe hiyo ya udongo na jiwe iliacha kuhitajika mwaka 1845.

Hebu simama hapo kidogo. Walawi 23:10–11 inaagiza mganda wa malimbuko uletwe kwa kuhani, naye autikise mbele za Bwana. Kule Uskoti mganda huo huo ukawa alama kwamba bwana mmoja amemuuzia bwana mwingine haki ya kuchukua. Nafaka ni ile ile. Anayepokea ndiye amebadilishwa.

Sisemi hati ni kitu kibaya. Ibrahimu alilipa shekeli 400 za fedha kwa shamba la Makpela mbele ya wenyeji wa mji. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, akaandika hati, akaita mashahidi, akaagiza hati ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zidumu (Yeremia 32). Watu wa Mungu waliandikiana. Ardhi inataka hati. Lakini zaka inataka moyo, na moyo hauandikishwi kwa msajili wa ardhi.

5. Mchungaji mahakamani na kondoo wake

Kuanzia 1707, kesi za zaka zilipewa majaji wa mahakama kuu kule Edinburgh, wakiketi kama Mahakama ya Zaka. Mchungaji akiona mshahara hautoshi, njia yake ilikuwa kuwaita wenye mashamba wa parokia yake mbele ya majaji hao ili aongezewe. Akishaongezewa, ikabaki kugawa mzigo: huyu atalipa ngapi, yule ngapi. Kesi za kugawana hivyo zingeweza kuvutana miaka na miaka. Wewe fikiria Jumatano umekutana na mchungaji wako kortini, yeye upande ule na wakili wake, wewe upande huu na wako, halafu Jumapili anakuhubiria juu ya upendo wa ndugu.

Tena mshahara wenyewe ulipimwa kwa nafaka lakini ukalipwa kwa pesa. Kila mwaka sherifu wa kila eneo aliketi na watu 15, wakasikiliza ushahidi wa bei za soko, wakatangaza bei rasmi ya nafaka ya mwaka huo. Sasa angalia matokeo yake. Mvua ikiwa nzuri, nafaka inajaa, bei inashuka, na mshahara wa mchungaji unashuka. Njaa ikiingia, bei inapanda, na mchungaji anapata zaidi. Mwaka mbaya kwa washirika ndio mwaka mzuri kwake! Huyo mtu atapiga magoti aombee mvua kwa moyo gani?

Walikuwa na wachungaji wacha Mungu wengi kule, na mimi siwahukumu. Nasema tu kwamba mpango wenyewe uliwaweka pabaya. Ukimfunga mchungaji kwenye shamba la watu, utamtenganisha na watu.

6. Waliotoka mikono mitupu

Tarehe 18 Mei 1843, mkutano mkuu wa Kanisa la Uskoti ulikutana Edinburgh katika kanisa la St Andrew's. Ugomvi ulikuwa juu ya ile haki ya kuteua mchungaji, ile ya kitabu cha zaburi na funguo. Sheria ya 1712 iliwapa wenye haki hiyo nguvu ya kuleta mchungaji, na mahakama zilikuwa zimeamua kwamba washirika wakimkataa, haisaidii. Siku hiyo msimamizi wa mkutano, David Welsh, alisoma pingamizi, akaliweka mezani, akatoka nje. Thomas Chalmers alitoka naye, na wengine wakafuata. Jumla yao waliojiondoa ikawa wahudumu zaidi ya 450, kati ya kama 1,200 wa kanisa lote.

Waliacha nyumba za wachungaji. Waliacha majengo ya kanisa. Waliacha mshahara unaolindwa na sheria. Wana wake na watoto. Watakula nini?

Chalmers alikuwa na mpango rahisi. Kila familia itoe kidogo kidogo, hata peni moja kwa wiki. Pesa ziende kwenye mfuko mmoja, kisha wahudumu wagawiwe sawasawa, wa mjini penye matajiri na wa milimani penye wavuvi na wachungaji wa kondoo. Hakuna sherifu, hakuna jaji, hakuna hati. Na watu walitoa. Ndani ya miaka michache kanisa hilo jipya, Free Church, lilikuwa na mamia ya majengo, na shule pia.

Mabwana wa ardhi hawakufurahi wote. Wengine walikataa kuwauzia hata kiwanja cha kujengea. Kule Strontian, magharibi ya Uskoti, mwenye ardhi alipokataa, waumini waliagiza kanisa linaloelea! Lilijengwa pale Clyde kama chombo cha majini, likavutwa mpaka Loch Sunart mwaka 1846, likatia nanga karibu na pwani, na watu wakaenda ibadani kwa mashua. Husimuliwa kwamba lilizama inchi moja kwa kila watu mia waliopanda, kwa hivyo walijua mahudhurio kwa kutazama maji. Mtu alikuwa na ardhi yote na hakuweza kuzuia ibada.

Kutoka kwa watu hao walikuja wamisheni. Dkt. James Stewart, mhudumu wa Free Church, ndiye aliyeongoza msafara wa misheni ya Waskoti mpaka Kibwezi mwaka 1891. Mwaka 1898 misheni hiyo ikahamia Kikuyu. Ile peni ya hiari ilitembea mbali, mpendwa.

Lakini usidhani walikuwa malaika. Kanisa hilo hilo lilipokea kama pauni 3,000 kutoka Marekani, na sehemu yake ilitoka kwa makanisa ya watu waliomiliki watumwa. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alitoroka utumwani, alizunguka Uskoti mwaka 1846 akidai pesa zile zirudishwe. Hazikurudishwa. Kwa hivyo kutoa kwa hiari peke yake hakutoshi. Mkono unaopokea nao una maswali ya kujibu.

7. Mwisho wa zaka ya sheria

Kanisa la taifa liliendelea na zaka zake. Sheria ya 1925 ilizielekeza kuwa kiasi cha pesa kisichopanda wala kushuka, kikiwa mzigo juu ya ardhi na kulipwa kwa wadhamini wa kanisa. Sisi sote tunajua pesa isiyopanda inakuwaje. Kilichokuwa mshahara kikawa chenji. Mwisho Bunge la Uskoti likapitisha sheria mwaka 2000 ya kufuta mfumo wa kikabaila wa ardhi, na ilipoanza kazi kikamilifu tarehe 28 Novemba 2004, zaka zilizobaki zikafutwa pamoja na mizigo mingine ya zamani. Aliyekuwa akizidai aliruhusiwa kuomba fidia mara moja tu, basi.

Zaka iliyoanza na mfalme mcha Mungu ilimalizikia kwenye kifungu cha sheria ya ardhi.

8. Sasa turudi kwa maswali yetu

Kwanza, mzee wetu na hati. Jibu langu ni: usiifunge zaka kwenye shamba. Leo shamba ni la mwanao anayemjua Mungu. Kesho mjukuu ataliuza, na mnunuzi atalipa kwa jina la Bwana huku analaani. Umelinda pesa, umepoteza ibada. Tena umemnyang'anya mjukuu wako baraka ya kuamua mwenyewe. Ibrahimu alimpa Melkizedeki fungu la kumi, lakini Yakobo hakurithi zaka ya babu yake kama deni. Alifika Betheli na jiwe la kulalia, akakutana na Mungu mwenyewe, ndipo akaahidi yake (Mwanzo 28:20–22). Baba, wapeleke watoto Betheli. Watoe bahasha zao wenyewe wakikuona ukitoa yako.

Na kama moyo wako unataka kanisa lipate ardhi, lipe ardhi waziwazi na uachilie. Kata kipande chako. Mama akubali, watoto wajue, bodi ya ardhi itoe idhini pale inapohitajika, na uhamisho uandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa. Kamwe usiandike kwa jina la mchungaji. Hata mimi. Mchungaji anahamishwa, mchungaji anakufa, mchungaji ana warithi.

Pili, aliyeuza ploti. Torati ilihesabu zaka kwa mazao. Shamba ni mti, mavuno ni tunda. Ukiuza shamba moja ili ununue lingine, ama ulipwe fidia ya barabara ujenge nyumba mahali pengine, umehamisha mti tu. Ukiuza kwa bei iliyozidi uliyonunulia, ile ziada ni tunda, na mimi ningeanza kuhesabu zaka hapo. Najua kuna watumishi wanaofundisha bei yote, na kuna waumini wanaotoa hivyo kwa furaha. Mungu awabariki. Lakini hilo liwe kati yako, mwenzako wa ndoa na Mungu, jinsi Paulo anavyofundisha 2 Wakorintho 9:7, pasipo huzuni wala kulazimishwa. Hasa kama ni shamba la urithi na mama mzee bado anakaa juu yake.

Watu wengi huogopa kwa sababu ya Anania na Safira. Soma vizuri. Petro alimwambia Anania kwamba shamba kabla ya kuuzwa lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa pesa zilikuwa katika uwezo wake. Hakufa kwa sababu ya asilimia. Alikufa kwa sababu ya uongo. Basi mtu asikutishe kwamba ploti yako itakaushwa na laana usipoleta milioni fulani kufikia Jumapili, hata mtu huyo akiwa ameshika kipaza sauti. Huyo anafanya kazi ya sherifu, na Kristo hakuajiri masherifu.

Na wewe uliyefurahi sana niliposema "mti na tunda," ngoja kidogo! Usitumie hesabu kama kichaka cha kujificha. Malaki 3 haijatolewa kwenye Biblia. Yesu katika Mathayo 23:23 aliwakemea waliotoa zaka ya mnanaa wakaacha adili na rehema, lakini hakuwaambia waache kutoa. Mshahara ni tunda. Kodi ya nyumba ni tunda. Faida ya duka ni tunda. Kama ulikuwa mwaminifu kwa peni, utajua la kufanya na ploti.

Tatu, sisi viongozi. Malaki anataka zaka iletwe ghalani ili chakula kiwemo nyumbani mwa Mungu. Chakula cha nani? Cha Mlawi asiye na shamba, cha mgeni, yatima na mjane. Katika Nehemia 13:10–13 Walawi walikuwa wamekimbilia mashambani kwa kukosa riziki, na Nehemia alipowarudisha hakuhubiri tu juu ya utoaji. Aliweka watunza hazina waliojulikana kuwa waaminifu wagawe. Uskoti ilianguka siku mganda ulipopita mlango wa kanisa la kijiji bila kuingia. Mimi nakula zaka zenu, kwa hivyo nasema hili nikijua linanigusa. Hesabu zikisomwa, sikilizeni. Mkiona mjane wa ushirika wenu analala njaa na sisi tumebadilisha viti, ulizeni. Kuuliza si uasi. Ni kulinda daraja.

Maombi

Baba, ardhi ni yako na sisi ni wageni tu juu yake. Asante kwa kila shamba, kila ploti, kila mshahara. Ondoa hofu ndani ya utoaji wetu, na uondoe ujanja pia. Wape wazee wetu hekima wanapogawa urithi, na uwakutanishe watoto wetu na wewe kama ulivyomkutanisha Yakobo. Tupe sisi watumishi mikono safi, ili kile kinachowekwa miguuni pako kisikwame mifukoni mwetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma Hesabu 18:20–24 na Kumbukumbu la Torati 14:28–29. Katika mtaa wetu, ni nani leo "asiye na shamba"? Ushirika wetu umemfanyia nini mwezi huu?
2. Je, watoto wako wamewahi kukuona ukitoa zaka? Wanajua kwa nini unatoa?
3. Kama unapanga kugawa au kuuza ardhi, nani katika familia bado hajaambiwa? Panga siku ya kuketi naye.